Nyumba ya Mama Zaina iliuzwa mvua ikinyesha

Ninyi vijana munaosimama pale penye kona na simu mukononi, munaojiita makomisyoneri, kila mwaka munakuja kwangu na ulizo moja: Papa, nyumba iuzwe mwezi gani? Hata sijafungua kinywa, mumekwisha kujijibu wenyewe. Kiangazi. Mwezi wa sita mpaka wa nane, njia kavu, ukuta mukavu, wanunuzi wametoka shamba na kitu mufukoni. Munaongea vizuri. Mimi pia nilisema vile miaka mingi, kwa sauti kubwa, mpaka siku nilipokosea mbele ya kartie nzima, mutaa wote. Basi kaeni niwaeleze, na nikipotea katikati munirudishe, sababu kichwa changu siku hizi kinapenda kupita njia za pembeni.

Kazi hii niliianza hapa Kalemie wakati wa Zaire, tulipokuwa tunaitana sitwayeni, mwananchi, na mutu mwenye abakosti, lile koti la wakati ule lisilo na tai, ya kupigwa pasi anasalimiwa mara mbili. Yangu ilikuwa moja, ya kijani, kola imekwisha kuliwa na jasho, niliivaa siku ya kuonyesha nyumba tu. Shule nilifika mwaka wa tatu wa primeri, nikatoka. Lakini komisyoneri haombwi diploma. Anaombwa miguu na masikio. Ujue nani anaoza binti, nani amepata mitasyo, amehamishwa kazi kwenda Lubumbashi, nani amegombana na muke wa pili mpaka vyombo vimelala nje. Nyumba inaanza kuuzwa ndani ya mambo kama hayo, mwenyewe bado hajajua kama anauza.

Na miezi tuliijua kwa kichwa. Kiangazi watu wa Nyunzu na wa Niemba wanashuka na reli, wamekwisha kuuza mahindi na karanga, wanatafuta nyumba ya mujini watoto wasome. Mwezi wa tisa usiuze kama una njia ingine, kila mutu anatafuta minerval, pesa ya shule, na wanunuzi wanakunusa shida. Mwezi wa kumi na mbili watu wananunua vitenge na kuku, hakuna anayenunua ukuta. Na muvuvi wa ndagala usimupeleke kuona nyumba wakati mwezi unawaka juu, sababu taa yake haivuti samaki siku zile na mufuko wake umelala. Ngoja giza la mwezi. Utamuona anakuja mwenyewe, anacheka, ananuka samaki, na anataka nyumba ya vyumba vitatu.

Hayo yote ni kweli, na nilikuwa ninajivuna nayo. Sasa nyumba yangu ya kwanza kuuza.

Ilikuwa kwenye muteremuko, mwezi wa saba, mwenyewe ameipaka chokaa mpaka inaumiza macho. Nilimuuzia mwalimu, mutu mupole sana. Alishika ukuta, akatikisa kichwa kwa kupenda, akalipa. Mwezi wa kumi na moja mvua ikaja. Maji yaliingia kwa mulango wa nyuma na kutoka kwa mulango wa mbele. Siku ile ile, saa ya chakula, mwalimu akafika kwangu na sufuria. Akaiweka juu ya meza yangu, akafunua. Ilikuwa udongo mwekundu mpaka juu. Hakutukana. Muke wangu akamukaribisha, akamupa bugali, akala yote, akashukuru, akaenda. Sufuria akaiacha. Muke wangu akapanda vitunguu ndani, akaiweka dirishani, nikawa ninaiona kila asubuhi nikinawa uso.

Habari ya sufuria ilimufikia Muzee Shabani, komisyoneri mukubwa kuliko sisi wote kando ya ziwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniita, akasema mutu aliyeletewa udongo mezani na bado anasalimia watu asubuhi anaweza kufundishwa.

Yeye njo, ndiye mwenyewe, aliyenitoa ujinga. Zamani, mbele ya kuuza nyumba, alikuwa anachimba visima, kwa hiyo maji aliyajua tangu chini. Aliniambia niache kuangalia ukuta, ukuta unapakwa. Niangalie chini. Sakafu ya simenti, kama bati linavuja, utakuta duara. Njo alama za mabeseni. Mama wa nyumba ameweka beseni pale pale mvua tano, mvua kumi, mwaka kisha mwaka, na simenti imeshika mustari wa mviringo kama alama ya glasi juu ya meza. Chokaa haifiki kule. Hesabu duara, utajua mama huyu anaamukaka usiku mara ngapi. Aligonga nguzo za paa kwa pete yake, sauti ikiwa tupu anajua muchwa umekula. Na watoto wa kartie aliwauliza vyura wanakamatwa wapi, wakamupeleka mbio, nyuma ya nyumba ile ile ambayo mwenyewe anaapa kama ni kavu.

Nilimupenda muzee yule. Lakini hata yeye alikuwa na mwisho wake. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikianza, alivua viatu, akafunga kazi mpaka mwaka mupya. Alisema hakuna mutu anayenunua nyumba huku anatembea na maji kwenye magoti. Sisi wote tulisema vile. Ninawaambia haya mujue Mama Zaina alitukuta wapi.

Mume wake aliitwa Salehe, fundi wa maboti. Maboti yaliyoteremuka Moba na yaliyovuka Kigoma, mengi yalipita mikononi mwake. Nyumba yake aliijenga mwenyewe juu ya muteremuko unaoangalia ziwa, kubwa, na haikuwa muzuri kwa macho. Ukuta hakuupaka chokaa hata siku moja. Na juu ya bati kulikuwa madoa meusi, madoa, madoa, kama mutu aliyepona ndui. Kila mutu aliyepita alisema lile bati limetoboka lote, Salehe anaziba leo, kesho linafunguka fasi ingine. Mimi pia nilisema. Fundi wa maboti anakaa chini ya kichujio, tukacheka.

Salehe akafa mwanzo wa mwezi wa saba, homa ya siku tatu. Akaacha muke na mabinti wawili wadogo, na shangazi yake muzee aliyekuwa anakaa nao. Mudogo wake Idi akaja na boti kutoka Moba, kofia mupya na haraka nyingi. Kwa sheria yao Idi alikuwa na fungu lake ndani ya nyumba, hilo hakuna aliyelikataa. Yeye alitaka iuzwe mara moja, kiangazi hakijaisha, agawe, arudi. Hakwenda kwa Muzee Shabani. Alikuja kwangu.

Hapa njo nilikosea, na musicheke sana.

Mimi ni Mukristo. Kwetu tunalia matanga, siku zinakwisha, tunafagia, mambo yanaendelea. Nilijua Waislamu wana eda lakini nilidhani ni kitu cha kuvaa. Sikujua kama mujane anakaa ndani ya nyumba ile ya mume wake miezi mine na siku kumi, hatoki, na mwanaume wa nje hamuoni. Nyumba ni yake mpaka siku zile ziishe, hata ingekuwa na wenyewe kumi. Idi alijua. Hakuniambia.

Basi mwezi wa nane, saa ine ya asubuhi, ninavaa abakosti yangu, ninamukamata mununuzi wangu muzuri wa mwaka ule, Papa Ilunga, mashinisti wa reli, mutu wa Nyunzu. Ninaingia naye moja kwa moja ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba, ninasukuma mulango wa mbele wa nyumba, ninasema hodi nikiwa nimekwisha kuingia. Ndani kuna mwanamuke amevaa nyeupe, amekaa juu ya mukeka, ametupa mugongo. Wamama wakaruka kumufunika na kitenge kama vile nyumba inawaka. Na shangazi, muzee mufupi kama kinu, akasimama mbele yangu na ufagio.

"Komisyoneri," akasema, wala hakupandisha sauti, "unauza nyumba na mujane ndani? Mununuzi amupate yeye pia, pamoja na masufuria?"

Papa Ilunga alivua kofia, akatembea kinyumanyuma mpaka barabarani. Pale nje, kwa haya, akatupa macho juu ya bati ili asiniangalie mimi, akasema bei. Ilikuwa bei ya kibanda. Akasema kwa kichujio kile haongezi.

Wiki tatu nilikuwa nikipita sokoni wamama wa ndagala wananiita: Papa komisyoneri, leo unauza mujane gani, uko na mufupi ao murefu? Watu wa upande wa musikiti hawakunijibu salamu. Muke wangu akasema ile sufuria ya vitunguu itapata mwenzake.

Muzee Shabani akanikamata mukono, akanipeleka kuomba masamaha. Tulisimama kwenye baraza, wamama wakateremusha pazia mulangoni, Mama Zaina akakaa upande wa ndani. Sikumuona. Mimi nilimujua mwanamuke yule kwa sauti tu, miezi mizima, na sauti ile bado ninaisikia.

"Wewe njo ulileta mutu na eda yangu mbichi?"

"Ni mimi, Mama. Nilikosea."

"Na yule mutu alisema nini juu ya bati?"

Nilimuangalia Muzee Shabani. Akanipa ishara nijibu. Nikasema alisema ni kichujio. Nyuma ya pazia nikasikia anacheka, kidogo, kama mutu aliyekuwa amesahau namna.

"Muzuri," akasema. "Umuchunge yule. Usimupoteze."

Akatueleza shida yake yote, na sikilizeni, sababu kila kitu kinatoka hapa. Kuuza atauza, nyumba ni kubwa na Idi ana fungu lake. Anachotaka ni kubakia Kalemie, kijumba kidogo chake, mabinti wasitoke shule. Lakini kwa bei ile ya kibanda, Idi akikamata fungu lake, kinachobaki hakitoshi hata chumba na mulango. Atapanda boti kwenda Moba, kukaa ndani ya jiko la Idi, kufulia wake wa Idi, yeye na watoto wake, mpaka azeeke. Alisema bila kulia. Akasema atauza eda ikiisha.

Nikahesabu kwa vidole. Nikamuambia Mama, eda yako inaisha mwezi wa kumi na moja, wakati ule hata panya hatafuti nyumba. Na Muzee Shabani, mwalimu wangu, akasema mutoto anasema kweli. Tulikuwa makomisyoneri wawili mbele ya pazia moja, tunasikizana.

"Ninyi munauza nyumba za chokaa," akasema Mama Zaina. "Zile kiangazi kinazisaidia. Yangu ina madoa, na kiangazi madoa yanamusingizia mume wangu. Ningojeeni mvua."

Halafu akatueleza ile bati. Salehe hakuziba matundu. Hakukuwa na tundu hata moja. Alipopigilia bati, kila musumari aliuweka kama musumari wa boti: kwanza pamba imechovywa ndani ya gudro, ile lami nyeusi ya maboti, halafu musumari, halafu gudro tena juu. Kila doa tulilocheka lilikuwa musumari mumoja. Miaka kumi na moja wamelala ndani, tone moja halijawaangukia. Lakini mutu atajuaje hiyo mwezi wa nane, jua likiwaka? Mwezi wa nane kila nyumba ya Kalemie haivuji.

Tuliteremuka muteremuko. Penye daraja Muzee Shabani akasimama, akasema yeye amesema miezi yote hii maisha yake yote, na hakuna siku alijiuliza kama nyumba nayo ina mwezi wake.

Idi hakufurahi. Mwezi wa tisa akaleta komisyoneri mwingine na mununuzi mwingine, bei ya chini kuliko ile ya kibanda. Shangazi akawafungia mulango, wazee wa musikiti wakamuambia Idi mbele ya eda kuisha hakuna ukuta utakaoongelewa. Akatoka anasema mvua itaangusha bei mpaka chini na tutakuja kumulilia Moba. Lakini Moba hakurudi. Alilala kwa jirani, na chakula akala kwa mujane, muchana na magaribi. Shangazi alisema mutu huyu anakula fungu lake vijiko kwa vijiko.

Kazi yangu ilikuwa kumuchunga Papa Ilunga. Musifikiri nilimudanganya. Nilimuonyesha nyumba tatu, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, na zote zilikuwa za watu walionipa kazi kwa haki. Lakini kila nyumba nilimuonyesha pia chini, duara za mabeseni, nikamufundisha kuhesabu kama Muzee Shabani alivyonifundisha. Nyumba ya kwanza duara mine. Ya pili sita. Ya tatu mwenyewe alikuwa ametandika mukeka mupya, Papa Ilunga akauinua kwa kidole cha muguu. Alirudi kwake kila mara akamueleza muke wake, Mama Kyungu, na Mama Kyungu alikuwa mutu wa kusikiliza. Makomisyoneri wenzangu walisema nimepata wazimu, ninafundisha mununuzi kukataa.

Eda ikaisha katikati ya mwezi wa kumi na moja. Wamama wakaja, wakamuogesha, wakamuvalisha rangi, dua ikasomwa, wali ukaliwa. Kesho yake, saa nane ya muchana, ziwa likageuka jeusi na mvua ikashuka. Si ile ya kulowesha nguo. Ile ambayo mutu mwenye kusimama kwa mulango wake haoni mulango wa jirani.

Nilikimbia kwa Papa Ilunga. Nilifika abakosti imenishika mwilini kama ngozi. Yeye alikuwa amekaa katikati ya mabeseni matatu, anasikia tii, tii, too. Nikamuambia twende tuone nyumba. Akaniuliza kama nimelewa. Mama Kyungu akawa amekwisha kusimama, anafunga kitenge kichwani.

"Twende," akasema. "Leo njo siku ya kuona. Kiangazi tumeonyeshwa vya kutosha."

Tulifika watatu, tumelowa kama samaki. Nikapiga hodi nje, nikangoja. Nilikuwa nimejifunza. Mulango ukafunguliwa, na pale njo nikauona uso wa Mama Zaina mara ya kwanza: mwembamba, murefu, kitenge cha njano. Muzee Shabani alikuwa tayari ndani, anakunywa chai, miguu imekauka.

Mama Kyungu hakuangalia ukuta. Aliinamia chini. Alitembea chumba kwa chumba ameinama kama anatafuta sindano, sisi wote nyuma yake, mvua inapiga bati mpaka hatusikiani. Hakukuwa na duara. Hata moja. Akainuka, akashika kiuno.

"Mama, mabeseni yako iko wapi?"

"Iko jikoni," akasema Mama Zaina, "inangoja masahani."

Na kule salo, chumba cha kupokea wageni, juu ya mukeka, katikati kabisa, Idi alikuwa amelala. Alikuwa amemaliza wali uliobaki wa jana. Mugongo chini, kinywa wazi, mikono imetupwa huku na huku, anakoroma, na juu yake bati linalia kama ngoma mia. Yule aliyeapa kama mvua itatuaibisha. Mama Kyungu akasimama juu yake, akamuangalia sana.

"Nimeolewa miaka kumi na nane," akamuambia mume wake, "sijaona mwanaume analala hivi mvua ikinyesha. Wewe unalala mukono mumoja umeshika beseni."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nafungua kinywa kusema maneno yetu yale ya komisyoneri. Lakini Mama Zaina akakamata mwavuli wa marehemu, mukubwa, mweusi, wa Kigoma, akamuambia Papa Ilunga kuna kitu kibaya anataka akione. Nilimufanyia ishara kwa nyuma ya mugongo wa mununuzi, mukono, kichwa, macho. Aliniona, akanipita. Akamupeleka nyuma ya nyumba. Kule maji ya mulima yalikuwa yanateremuka mekundu, yana nguvu, mbele ya ukuta yanakata kona na kuingia mufereji ambao Salehe aliuchimba.

Akamuambia mufereji ule unajaa muchanga kila mwaka. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua ya kwanza, lazima ufukuliwe mpaka magoti. Mwaka mutu atakaosahau, maji yataingia ndani. Mwaka huu aliufukua shangazi na wamama, sababu yeye alikuwa ndani ya eda. Alisema tu, kama mutu anayempa mwenzake dawa na namna ya kuinywa.

Papa Ilunga akaingiza muguu ndani ya mufereji, akapima kina. Yule mwalimu wangu wa sufuria, kama kuna mutu angemuambia maneno yale, angechimba. Papa Ilunga aligeuka, akasema atakamata nyumba, kwa bei ile aliyoitaja mwezi wa nane.

"Ile uliyotaja ilikuwa bei ya kichujio," akasema Mama Zaina. "Sasa taja ya nyumba hii."

Akaitaja. Ilikuwa bei ya kiangazi, ya nyumba nzima, na Mama Kyungu akaongeza kwa kuogopa asiikose. Idi akaamushwa na sauti zetu, akakaa, akasikia bei, akajipangusa kinywa. Akasema yeye tangu mwanzo alishauri tungoje mvua. Shangazi akaenda kutafuta ufagio.

Sasa, vijana, kama hadithi ingeishia hapo mungesema mwanamuke alikuwa na bati muzuri, basi. Munisikilize bado kidogo.

Mimi na Muzee Shabani tulimushauri apumuzike, apange chumba, angoje kiangazi tumutafutie kijumba. Akatuuliza kama kuna mutu anauza sasa, leo. Tukaangaliana. Wapo, nikasema, lakini hakuna anayekwenda kuziona. Akasema basi twende.

Kesho yake mvua haikuwa imeacha. Tulizunguka watu watatu na mwavuli mumoja, yeye katikati, sisi kila mumoja bega moja nje. Nyumba ine. Wenyewe walitufungulia kama vile tumetoka mbinguni, hawajaona mununuzi tangu mwezi wa tisa, na bei walizishusha hata hatujaomba. Na hakuna aliyeweza kutuficha kitu, mvua ilikuwa ndani inatuonyesha. Aliuza mvua ikinyesha, akanunua mvua ikinyesha, sisi wazee wa kazi tulikuwa tumevua viatu.

Ajabu, alichagua ile mbaya. Vyumba viwili, mabeseni saba chini, mwenyewe anaona haya kutukaribisha kukaa. Nikamunong'oneza Mama, saba. Akaniambia ameona. Lakini ukuta chini ni mukavu, maji ya mulima yanapita mbali, na udongo wa nje haumezi muguu. Bati ni kazi ya siku mbili, na gudro la Salehe bado liko nusu ya pipa.

Muzee Shabani alisimama pale pale barabarani, nje ya mwavuli, akavua kofia yake mvua ikimunyeshea upara.

"Mama," akasema, "ungekuwa komisyoneri, sisi wawili tungeuza mandazi."

Bati alilipanda mwenyewe, siku mbili za jua katikati ya mwezi wa kwanza, kitenge kimefungwa kiunoni, mabinti chini wanachambua pamba, shangazi anashika ngazi na kugombana nayo. Mwavuli alinipa mimi. Alisema mutu anayeingia nyumba za watu bila kungoja anahitaji kitu cha kusimama nacho nje. Njo jina langu la Papa Mwavuli lilipotoka, ninyi mulidhani ni kwa sababu ya jua. Tangu siku ile nilionyesha nyumba kwa mvua, na kama mwenyewe anakataa, nilijua sababu hata kabla sijaingia.

Mara ya mwisho niliyotaka kuwaeleza ni mwezi wa tatu, mvua kubwa zimerudi. Nilikuwa ninapita na mwavuli ule kwenda kwa mutu, nikaona mulango wa kijumba cha Mama Zaina uko wazi. Ndani mabinti wanaandika kazi za shule sakafuni, daftari zimetandazwa kila fasi, pale pale palipokuwa na mabeseni. Nikauliza anaendeleaje. Akasema karibu, Papa, nitafute kiti, hana cha kutosha. Yeye mwenyewe alikuwa anachambua maharagi mulangoni, mvua inapita mbele ya magoti yake, na alikuwa amekaa juu ya beseni, amelipindua.